Jino liliacha kumuuma kaka yangu, jipu likatokea kwenye ubongo

Daktari, shikamoo.

Naandika usiku kwa sababu mchana sipati nafasi ya kukaa peke yangu na jambo hili. Kaka yangu ana miaka 34. Miezi miwili iliyopita alianguka kifafa mbele ya watoto wake, mtu ambaye hajawahi kuanguka maishani mwake. Hospitalini walimpiga picha ya skani wakaona jipu kwenye ubongo, upande wa kushoto. Alitobolewa fuvu, usaha ukavutwa, akalazwa wiki kadhaa akichomwa dawa kwenye mshipa. Sasa yuko nyumbani. Anaongea, anatembea, ila mkono wa kulia bado haushiki kikombe vizuri. Namshukuru Mungu.

Shida ni yaliyofuata. Maabara waliotesha ule usaha wakakuta bakteria wa mdomoni. Tulipoulizwa habari za meno tukasema kweli, aling'olewa gego siku 9 kabla ya kuanguka. Tangu hapo nyumbani hakuna neno lingine: aliyemng'oa jino ndiye aliyemwingizia ugonjwa. Wifi yangu anataka kwenda mahakamani.

Mimi nina langu ambalo sijamwambia mtu. Lile gego lilimsumbua zaidi ya mwaka. Kila likivimba alinipigia simu, nami nikampa kapsuli zilizobaki nyumbani, amoksilini, za siku mbili tatu. Uvimbe ukishuka anarudi kazini. Mara ya mwisho liliacha kuuma kabisa nikamwambia, "Si unaona, limepona lenyewe." Wiki kadhaa baadaye kichwa kikaanza. Kiliuma siku 10, kikizidi asubuhi, ndipo akaenda kung'oa akidhani ni jino linalopandisha maumivu. Sasa najiuliza kama kapsuli zangu ndizo zilizomfikisha pale.

Mwenyewe anataka meno yote yang'olewe, yaishe. Anauliza kama siku zote akienda kutibiwa meno itabidi ameze dawa kwanza. Tena anauliza, kwa nini yeye? Watu wanaishi na meno mabovu miaka mingi na hawapati jipu la ubongo. Yeye ni mzima wa mwili, hana kisukari, hana ugonjwa wowote wa kudumu, labda pua tu kutoka damu mara kwa mara tangu utotoni, kama ilivyokuwa kwa marehemu baba.

La mwisho ni mama. Ana miaka 61 na kisukari. Ana gego la chini, la nyuma kabisa, lililomuuma mwaka jana kisha likanyamaza. Sasa kwenye ufizi kuna kipele kinachojaa na kupasuka chenyewe, anatema kitu chenye chumvichumvi, kisha kinajaa tena. Nikitaja daktari wa meno ananijibu, "Yaliyompata mwanangu hamkuyaona?" Nifanye nini?

Dada mwenye mzigo

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nimesimama kwenye sentensi moja ambayo wewe umeipita haraka. Nitaifikia. Kwanza neno moja kuhusu mama.

Mizizi ya magego ya mwisho ya chini hushuka hadi chini ya msuli uliotandazwa kama sakafu ya mdomo. Usaha ukipasua mfupa chini ya msuli huo hauji mdomoni, unaingia kwenye nafasi za shingo. Basi mchunguze mama kila siku. Uvimbe mgumu chini ya kidevu, ulimi unaoinuliwa na uvimbe, mate yanayomtoka kwa kushindwa kumeza, sauti nzito kama ya mtu mwenye kitu cha moto mdomoni, taya linalokataa kufunguka: ukiona moja tu ya hayo, hata iwe saa nane usiku, mkimbize hospitali kubwa, akiwa ameketi, msimlaze chali. Mjerumani Wilhelm Friedrich von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836, na kinachoua ndani yake ni njia ya hewa kuziba. Kwa unavyoniandikia, leo mama hana dalili hizo. Kwa hiyo tuna siku chache za kumbembeleza. Miezi hatuna.

Sasa tuhesabu siku pamoja, maana majibu mengi yako ndani ya tarehe zako mwenyewe.

Jipu la ubongo halizaliwi likiwa jipu. Bakteria wakitua, sehemu ile huvimba na kulainika kwanza, hata ukiingiza sindano huna usaha wa maana wa kuvuta. Mwili huanza kuizungushia ukuta karibu na siku ya 10, na ukuta huo hukomaa baada ya wiki mbili hivi. Kaka yako aliumwa kichwa siku 10 ndipo akang'olewa jino, na siku 9 baadaye akaanguka. Hizo ni siku 19, na waganga walimkuta na usaha wa kuvutika. Maumivu yanayozidi asubuhi ni tabia ya kichwa chenye shinikizo ndani ya fuvu. Kwa hesabu hiyo, alipoketi kwenye kiti cha daktari wa meno jipu lilikuwa tayari linajijenga. Huenda hakuwa na homa, na hilo ndilo linalowapoteza watu wengi, kwa sababu karibu nusu ya wagonjwa wa jipu la ubongo hawana homa kabisa.

Ni kweli kwamba kung'oa jino humwaga bakteria kwenye damu. Lakini hata kutafuna humwaga, na kupiga mswaki kwenye fizi zinazotoka damu vilevile. Kwa kawaida damu hujisafisha ndani ya dakika chache. Jino lenye usaha kwenye mzizi linapewa nafasi hiyo kila siku, kila mlo, na la kaka yako lilipewa zaidi ya mwaka. Mwambie wifi yako, kabla ya kwenda mahakamani, aombe maandishi ya hospitali aziweke tarehe hizi mezani. Kama kuna swali la haki la kumuuliza yule aliyeng'oa, ni hili: je, alimuuliza mgonjwa kuhusu kile kichwa? Siku 10 za kichwa kinachozidi asubuhi kwa mtu mwenye usaha mdomoni zilistahili skani. Hilo ni swali. Kusema kwamba koleo lake ndilo lililopanda jipu ni jambo jingine, na tarehe zenu zinalikataa.

Na kapsuli zako?

Sitakudanganya ili ulale vizuri usiku mmoja. Kapsuli hazikulileta jipu. Zilichofanya ni kumpa nafuu ya kutosha kuahirisha. Ndani ya jino kuna uzi wa neva na mishipa midogo ya damu. Ukioza, uzi huo unakufa, na damu haifiki tena mle ndani. Dawa husafiri kwa damu, kwa hiyo inaweza kutuliza shavu na taya lakini haiingii kwenye kiota chenyewe. Dozi ikiisha, au ikikatwa siku ya pili kama mlivyofanya, waliobaki mle wanatoka upya. Ndiyo maana jino la namna hii lina tiba mbili tu: kusafishwa mizizi yake na kuzibwa, au kung'olewa. Antibiotiki ni msaidizi pale uvimbe unaposambaa au homa inapopanda.

Siku ile jino lilipoacha kuuma ndipo neva ilipokuwa imekufa. Uliuona ukimya ukadhani ni uzima, na karibu kila mtu hudhani hivyo. Nimefanya kazi hii muda mrefu, na ninachokiogopa kwa mgonjwa si kilio chake cha usiku, kwa sababu kilio humleta. Ninaogopa yule anayesema, "Liliniuma sana mwaka jana, sasa halina neno." Ulimpa ulichokuwa nacho kwa upendo, bila kujua. Mwambie kaka yako habari ya kapsuli, tena umwambie mwenyewe kwa kinywa chako. Nadhani yeye amekwishaijua, maana ndiye aliyezimeza.

Sasa ile sentensi. "Pua tu kutoka damu mara kwa mara tangu utotoni, kama ilivyokuwa kwa marehemu baba."

Swali la kaka yako, kwa nini yeye, ni swali zuri kuliko anavyodhani. Vinywani mwetu wamo bakteria wa aina zaidi ya 700. Wanaokutwa mara nyingi kwenye majipu ya ubongo, kundi la Streptococcus anginosus na wengine kama Fusobacterium nucleatum, wamo pia kwa watu wenye afya na hawamdhuru mtu. Wakiingia kwenye mshipa, damu inayorudi kutoka mwilini hupelekwa kwanza mapafuni, na mapafu ni chujio. Mishipa yake ni myembamba kuliko unywele, bakteria wananaswa mle na kuliwa na seli za kinga kabla damu haijapelekwa kwenye ubongo. Ili jipu linaloletwa na damu litue kichwani kwa kijana mzima wa mwili, mara nyingi kuna mahali ambapo damu imelikwepa chujio.

Mahali pa kwanza ni moyoni: tundu dogo kati ya vyumba vya juu ambalo halikujifunga baada ya kuzaliwa. Karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne analo, na wengi hufa wazee bila kulijua, kwa hiyo likikutwa peke yake huwa sifungi kesi haraka. Mahali pa pili ni ndani ya mapafu yenyewe, pale ateri inapoungana na vena moja kwa moja bila ile mishipa myembamba katikati. Hapo damu inapita bila kuchujwa. Na watu wengi wenye njia hiyo ya mkato mapafuni wana ugonjwa wa kurithi wa mishipa ya damu, telanjiektasia ya kurithi, ambao madaktari huufupisha HHT. Hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 5,000. Dalili yake ya kwanza, ambayo familia huizoea hadi haiitaji tena kwa daktari, ni pua kutoka damu mara kwa mara, kutoka kwa baba hadi kwa mtoto.

Sisemi anao. Pua hutoka damu kwa sababu nyingi, nyingi zikiwa ndogo. Lakini jipu la ubongo, pua na baba, kwa mtu mmoja, ni mambo matatu ambayo singeyaacha yapite. Mwangalie kwenye midomo, ulimi na ncha za vidole kama ana vidoa vyekundu vinavyofifia ukivibonyeza. Halafu mwende kwa daktari wake na maneno haya hasa: "Tunaomba apimwe kama ana mishipa ya mkato mapafuni." Kipimo cha kuanzia ni rahisi. Anachomwa maji yenye viputo vidogo mkononi huku moyo ukiangaliwa kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kwa mtu wa kawaida viputo vinaishia mapafuni. Vikitokeza upande wa kushoto wa moyo papo hapo, tundu liko moyoni. Vikichelewa kwa mapigo kadhaa, njia iko mapafuni. Ikipatikana, huzibwa kwa mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, bila kupasua kifua.

Hili linakuhusu na wewe. Ugonjwa huo ukiwepo, kila mtoto wa mwenye nao ana nafasi ya nusu kwa nusu ya kuurithi. Wewe ni mtoto wa baba yako, na watoto walioshuhudia baba yao akianguka ni wajukuu zake. Kaka yako akikutwa nao, nyote mpimwe, na kama una nia ya kubeba mimba pima kabla, kwa kuwa mishipa hiyo ya mapafuni inaweza kupasuka wakati wa ujauzito.

Swali lake kuhusu dawa kabla ya kutibiwa meno linafuata humo humo. Ikithibitika ana njia ya mkato mapafuni, ndiyo, kwa kila tiba ya meno inayotoa damu atameza dozi moja kabla, kwa kawaida gramu 2 za amoksilini ndani ya saa moja kabla ya kuanza kama haimdhuru, na ataendelea hivyo hata mshipa ukishazibwa. Wenye vali bandia za moyo na waliowahi kupata maambukizi ya ndani ya moyo nao wako kwenye orodha hiyo. Asipokutwa na kitu, hahitaji. Kwa hiyo kipimo kitangulie, meno yafuate.

Kung'oa yote hapana. Najua anaogopa, na hofu yake ina historia ndefu. Mwaka 1891 Willoughby Miller, daktari wa meno Mmarekani aliyefanya kazi Berlin, alieleza kinywa kama chimbuko la magonjwa ya viungo vya mbali. Alikuwa na hoja. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter akaipeleka hoja hiyo mbele kwa hotuba kali huko Montreal, na miaka iliyofuata meno mazima yasiyo na idadi yaling'olewa kutibu kila kitu, kuanzia viungo vinavyouma hadi wazimu. Huko Trenton, Marekani, Henry Cotton alikuwa aking'oa meno ya wagonjwa wa akili na, yasiposaidia, akakata viungo vingine, na watu walikufa mikononi mwake. Watu hawakupona, tiba hiyo ikaachwa, na kwa miaka mingi baadaye madaktari wakaona aibu hata kuuliza habari za meno. Nadhani hasara hiyo ya pili bado tunailipa. Kaka yako apigwe eksirei ya taya zote, kila jino lenye kiota litibiwe, fizi zisafishwe, yaliyo mazima yabaki amtafunie chakula.

Muulize pia jina la dawa anayomeza ya kuzuia kifafa. Kama ni fenitoini, inaweza kufanya fizi zikue na kufunika meno, na hapo usafi unahitaji bidii maradufu. Asiiache kwa sababu hiyo, amwambie daktari. Dawa za jipu lenyewe kwa kawaida huendelea wiki 6 hadi 8 na hufuatwa na skani nyingine, kwa hiyo hakikisheni skani hiyo ina tarehe. Kichwa kikirudi, akitapika au akianguka tena, msisubiri tarehe. Na ikiwa ataanguka, kisha siku au wiki zinazofuata akaanza kukohoa makohozi yanayonuka vibaya, semeni hivyo hospitalini. Mtu aliyepoteza fahamu huvuta mate yake mapafuni, na bakteria wale wale hutengeneza jipu huko, ambalo mara nyingi hudhaniwa kuwa kifua kikuu.

Narudi kwa mama. Kile kipele ni mdomo wa mfereji unaotoka kwenye mzizi wa jino. Kwa kuwa unajimwaga, haumuumi, na kwa kuwa haumuumi, anaamini ni kidogo. Damu ya pua si ya upande wake, kwa hiyo sina wasiwasi naye kama nilio nao juu ya kaka yako kwa habari ya ubongo. Wasiwasi wangu kwake ni kisukari. Usaha wa kudumu huipandisha sukari, na sukari iliyopanda hudhoofisha kinga dhidi ya usaha. Kwa watu wenye kisukari ini ni moja ya sehemu ambazo bakteria hutua: homa za kuja na kuondoka, kutetemeka kwa baridi, maumivu chini ya mbavu za kulia, chakula kutopita, mwili kupungua. Inaweza kwenda wiki nzima mbili tatu ikiitwa uchovu. Akiwa na lolote kati ya hayo, aombe ini lake liangaliwe kwa mashine ya mawimbi ya sauti.

Huenda pia amesikia kwamba jino lenye usaha haling'olewi. Kauli hiyo haikutoka hewani. Ganzi hufanya kazi vibaya penye usaha, na zamani watu walipata mateso kweli kwenye kiti. Leo daktari huchoma ganzi mbali na uvimbe, kwenye neva inayoleta hisia zote za taya la chini, au hukamua usaha kwanza na kumrudisha siku nyingine. Mwambie hivyo, na umwahidi kwamba utamwomba daktari asianze kabla ganzi haijashika. Aende asubuhi, akiwa amekula na kumeza dawa zake za sukari kama kawaida, na mwende na majina ya dawa zote anazotumia.

Wewe umeshamwambia mara nyingi na amekujibu. Safari hii nyamaza, mwache kaka yako aseme. Akae naye, amhesabie zile siku 10 za kichwa kabla ya koleo kumgusa, na amwambie kwa maneno yake kwamba lile jino lilikuwa limenyamaza kama hili la mama. Kisha wafuatane wote wawili kliniki siku hiyo hiyo, yeye kwa eksirei yake, mama kwa jino lake, na mama atangulie kuingia.